Nani Aliiona Bozak Kahama?

Nina mzee wangu mmoja pale Ngokolo, Shinyanga mjini, ambaye hawezi kumaliza kikombe cha kahawa bila kuwasema ma-DJ wa leo. Zamani, anasema, miksa ilikuwa mashine ya mtu mzima: pana, nzito, nobu za kuzungusha zimejipanga mbele kama vifungo vya kaunda suti, na DJ akizigusa kwa vidole viwili tu. Siku hizi ni vijana wanaosukuma feda juu na chini kama wanaopiga pasi. (Feda, kwa asiyejua, ni ile swichi ya kuteleza. Usiichanganye na fedha, ingawa bila fedha huipati.) Nobu zimekufa, anasema mzee, na waliozitia kaburini anawajua.

Vijana wa kijiweni hawambishii. Wanamwongezea. Hoja zao nimezisikia Ngokolo, nikazisikia tena stendi ya Kahama, na nilipofika Katoro nikazikuta zimeshaota ndevu. Kwa kuwa nimebeba nyaya za disko vumbi tangu miaka ya 1990, nikalala nimeegemea spika na kuamshwa na jogoo wa watu, naomba nizijibu.

Hoja kubwa kuliko zote ni hii: miksa za nobu zilikuwepo kwenye madisko yetu, vijana wakazitupa.

Tuanze na mashine yenyewe. Miksa anayoililia mzee ni mzaliwa wa New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 fundi sauti Alex Rosner aliwatengenezea ma-DJ wa klabu ya Haven kifaa cha kuunganisha santuri mbili bila muziki kukatika. Kampuni ya Rudy Bozak, iliyokuwa na jina kwa spika zake, ikaingia kiwandani na kutoa CMA-10-2DL. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafuata UREI 1620. Hizo mbili ndizo zilizojenga sifa ya nobu. Zilikuwa na upana wa inchi 19, zikikazwa kwa skrubu kwenye kabati na kukaa hapo miaka na miaka. Zilikuwa sehemu ya jengo, kama kaunta na ngazi.

Sasa tazama huku kwetu miaka hiyohiyo. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa 1966. Mgodi mkubwa wa dhahabu uliofuata pale Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukaja 2001, na Buzwagi, mlangoni mwa Kahama, 2009. Pima miaka hiyo na ile ya New York. Enzi nzima ya nobu, tangu Bozak inazaliwa hadi ma-DJ walipoanza kuikimbia, iliangukia katikati ya pengo. Wakati klabu za Marekani zinakaza skrubu, dhahabu ya huku ilikuwa ya mchimbaji mwenye sururu na karai, na mwenye sururu na karai hajengi klabu yenye kabati la inchi 19.

Mzee akibanwa hapo hukimbilia Mwadui. Wazungu wa almasi walikuwa nazo, anasema, niliziona enzi za Williamson mwenyewe. Shikamoo mzee wangu, lakini Williamson, aliyeuanzisha mgodi huo mwaka 1940, alifariki Januari 1958. Bozak ya ma-DJ ilikuwa bado haijaota hata kichwani mwa fundi wake.

Na hata angetokea mwenye hela, angeinunulia wapi? Mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 ukafunguliwa 1983. Katikati yake tukapigana vita vya Kagera, na fedha za kigeni zikakauka. Hiyo ndiyo miaka ya foleni za sabuni. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, watu wakawa wanatupa mali zao vichakani usiku ili zisikutwe ndani. Mtu anayeogopa kukutwa na katoni za sabuni hawezi kuagiza miksa kutoka Marekani. Mlango ulianza kufunguliwa 1984, serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na ukapanuka baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi mwaka uliofuata. Kilichopita mlangoni kikafika Kanda ya Ziwa kilikuwa redio kaseti na deki.

Basi mzee aliona nini? Siku moja niliacha kubishana nikamuuliza taratibu: hiyo miksa ilikuwa na nobu ngapi? Sita, akasema. Ilikuwa na taa? Moja, nyekundu. Na santuri ziliingia wapi? Akafikiri. Santuri hazikuwepo, akasema, kulikuwa na maiki na redio kaseti. Na ikikoroma unaipiga kofi.

Nikacheka, naye akacheka. Hiyo ni amplifaya ya mikutano, ndugu msomaji. Ni Ahuja ya India au binamu yake: sanduku la bati, nobu kwa mstari, moja ya kila maiki, moja ya kaseti, mbili za besi na kali, nyuma waya unakwenda kwenye honi iliyofungwa juu ya mti. Iliuza mitumba mnadani, ikahutubia, ikaadhini, ikahubiri, na Jumamosi usiku ikapiga dansi. Nobu za mzee zilikuwepo kweli. Ila hazikuwa za DJ.

Mimi mwenyewe nilianza na deki mbili za kaseti juu ya meza ya kukodi. Ustadi wetu ulikuwa kalamu ya Bic: unaichomeka kwenye jino la kaseti, unazungusha hadi wimbo ukae mwanzoni kabisa, unaiweka kwenye deki, unangoja. Wimbo wa kwanza ukielekea kuisha unashusha huku, unapandisha kule. Ukichelewa, uwanja mzima unakupigia miluzi. Kalamu hiyo ndiyo nobu pekee niliyoizungusha kwa miaka mitatu.

Hoja ya pili ni fupi, nayo jibu lake ni fupi: ati laptopu ndiyo iliyoua nobu. Hesabu miaka. Krosifeda, ile feda ya kulala inayokuhamisha kutoka santuri ya kushoto kwenda ya kulia, ilianza kuuzwa madukani mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya vijana wa Bronx kama Grandmaster Flash kuonyesha kwamba mkono unaweza kurukaruka kati ya santuri mbili. Miaka ya 1980 ikawa ya feda. Katikati ya miaka ya 1990 Pioneer ikatoa DJM-500, miksa ya feda, na ukoo wake ukaja kutawala klabu za dunia. Programu za kumfanya DJ apige kutoka kwenye kompyuta zilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Laptopu ilipofika msibani, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Ya tatu, kwamba nobu ziliachwa kwa sababu sauti yake ilikuwa mbovu, sijui nani aliianzisha. Ni kinyume chake. Wanaozijua wanazisifia sauti hadi leo, na miksa za feda zilizozirithi zilichukua muda mrefu kusifiwa hivyo. Klabu haikuwahi kuacha kifaa kwa sababu tu kina sauti nzuri au mbaya. Waliolewa hawapimi.

Ya nne naipenda, kwa kuwa ni ya kwetu: vumbi. Kijana mmoja wa Katoro alinieleza kwa uhakika wote kwamba vyombo vya zamani haviwezi vumbi la machimboni, ndiyo maana vikaisha. Vumbi analijua. Mtu aliyewahi kupiga disko pembeni ya karasha, mawe yanasagwa huku watu wanacheza, anajua kwamba saa nane usiku meza yote inakuwa rangi moja.

Ila angewauliza mafundi. Kahama, si mbali na stendi, kuna kibanda ninachopeleka vyombo vyangu. Juzi nilimkuta fundi ameifungua miksa ya chaneli sita, mbavu nje. Chini ya feda kulikuwa na unga mwekundu wa kujaza kijiko cha chai. Sababu unaiona kwa macho. Feda ina ufa juu, milimita 45 au 60, wazi kama mdomo wa kibubu, na kila kinachodondoka kinaingia: vumbi, majivu ya sigara, bia. Ndani kuna ukanda mwembamba wa kaboni na kiwayo kinachousugua. Chembe ikikaa kati yao unasikia kra-kra, halafu upande mmoja unakufa. Nobu ya kuzungusha, ambayo mafundi huiita voliyumu, imefunikwa na kikopo cha bati. Kinachotokeza nje ni mhimili tu. Vumbi litaingia, lakini litaomba njia.

Fundi akasafisha kwa spiriti na mswaki wa zamani, akakataa petroli niliyokuwa naiona kwa wengine kwa sababu, alisema, inakausha mafuta ya ndani na wiki ijayo umerudi. Kisha akakata mpira wa ndani wa baiskeli, akauchana katikati kwa wembe, akaubandika juu ya kila ufa. Feda ikawa inapita kati ya midomo miwili ya mpira. Hicho kitu hakimo katika kitabu cha kiwanda chochote, nami natembea nacho hadi leo.

Kwa hiyo kama vumbi lingekuwa hakimu, nobu zingeshinda kesi saa nne asubuhi. Feda inashinda pengine: ikifa, fundi anafungua skrubu mbili, anachomoa, anaweka nyingine aliyoing'oa kwenye miksa iliyoungua. Kariakoo na Mwanza zinapatikana. Kifaa kinachokufa mara kwa mara lakini kinafufuka kwa bei ya soda mbili tatu, huku kwetu kinahesabiwa kuwa kizima.

Hapo inaingia hoja ya tano, ya umaskini: ati tulikosa hela tu. Mwenye kusema hivi hajakaa Kahama au Nyarugusu wiki ambayo duara, yaani shimo la dhahabu, limetoa. Mimi nimeona mchimbaji akifunga baa kwa watu wake hadi asubuhi, akamlipa DJ mara mbili ili wimbo mmoja urudiwe mara tisa. Hela ipo. Tabu yake ni kwamba haitulii, na watu wanaoifuata hawatulii pia. Ikisikika rashi sehemu, mwezi mmoja kichaka kinakuwa mji: mama ntilie, wauza simu, kibanda umiza, na disko. Mawe yakigoma, mji unahama. Disko linahama nalo, limefungwa kwa mipira juu ya Noah au nyuma ya fuso, jenereta likiwa limekaa juu ya miguu yangu.

Kifaa cha maisha hayo lazima kibebwe na mtu mmoja kwa mkono mmoja, kivumilie umeme wa jenereta unaopanda na kushuka, kisiuliziwe na mtu yeyote kikiibiwa. Miksa ya kukaza ukutani ni ya mtu mwenye ukuta. Na kuta za Kahama zilipokuja, mwaka 2000 na kuendelea, wenye baa waliingia madukani wakanunua kilichokuwa rafuni siku hiyo, yaani feda na deki za CD. Hawakuwa wanakataa nobu. Hakuna aliyewaonyesha.

Nimeiacha kwa makusudi hoja ya sita, kwa sababu ndiyo inayoniudhi. Inasema hivi: nobu zilikuwa za DJ mwenye ustaarabu, anayeuingiza wimbo ndani ya mwingine polepole, na feda ni za kukatakata muziki, uhuni ulioigwa Marekani.

Kwanza, huo ustaarabu nao ni wa Marekani. Pili, ustaarabu huo ulitokana na aina ya muziki. Disko ya New York, na hausi iliyofuata, zina mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mapigo kama 120 kwa dakika, na mwanzoni na mwishoni zinaachiwa ngoma tupu ili DJ apate pa kushikia. Mapigo 120 maana yake kila pigo ni nusu sekunde. DJ akitaka kuchanganya nyimbo mbili kwa mapigo 64, ana sekunde 32 za kuzungusha nobu taratibu. Nobu ina mzunguko wa zaidi ya robo tatu ya duara. Kifundo cha mkono kinapenda kazi hiyo ya pole.

Sasa niletee wimbo wa Kikongo, ambao ndio uliokuwa chakula chetu. Unaanza kwa kubembeleza, waimbaji wanalalamika kuhusu mapenzi, halafu gitaa linageuka na sebene inafumuka kwa mwendo mwingine kabisa. Utaunganisha nini na nini kwa sekunde 32? Mwisho wa wimbo mmoja ni moto na mwanzo wa unaofuata ni machozi. DJ wa Kahama aliyetaka uwanja usikimbie aliruka kutoka sebene hadi sebene, pap. Kanda Bongo Man na wenzake wa Paris waliliona hilo katika miaka ya 1980, wakaleta gitaa mapema na kufupisha machozi. Na leo kuna singeli. Singeli yenye mapigo 200 kwa dakika inakupa sekunde 0.3 kwa pigo, na zipo zinazokimbia zaidi ya hapo. Hebu zungusha nobu robo tatu ya duara ndani ya muda huo, kisha uniambie mkono wako uko wapi. Feda inataka kidole kimoja na nia.

Zaidi ya hapo, DJ wa huku anaongea. Anamtaja aliyelipa, anamtaja mwenye duara, anawasalimu watu wa Runzewe walioingia sasa hivi. Anahitaji kuushusha muziki kwa kidole huku mkono mwingine umeshika maiki, aseme, aurudishe. Nobu ingemfanya ashike kichwa chini kama anayesoma mita ya maji.

Na kuhusu kuiga: msimu wa baada ya mavuno nenda ukaangalie mbina Usukumani, Bagika na Bagalu wanaposhindana. Makundi mawili, uwanja mmoja, ngoma zinalia kwa wakati mmoja. Hakuna anayewasubiri wenzake wamalize. Watazamaji ndio wanaokimbia: huku kukitokea nyoka au nungunungu au mchezaji aliyejipindua, umati unahama wote kama maji kwenye karai, halafu kule wakijibu, unarudi. Atakayebaki na watu ndiye mshindi. Mimi nilipoiona krosifeda mara ya kwanza nilijua inafanya nini kabla sijaelezwa. Makundi hayo yalikuwepo kabla ya babu zetu kusikia neno Bronx.

Imebaki moja ya vijana wa mtandaoni: nobu zinarudi Ulaya, kwa hiyo tulikosea. Zimerudi kweli. Ufaransa na Uingereza kuna warsha ndogo zinazoziunda kwa mkono, kwa vyumba vidogo, kwa wapenzi wa santuri, kwa bei inayonunua bodaboda na chenji ikabaki. Nawatakia heri. Sisi hatukuwa na cha kurudia.

Na nobu zenyewe, zile za mzee, hazijafa hata kidogo. Nenda mnada wowote kati ya Tinde na Ushirombo. Ile amplifaya ya bati ipo chini ya meza, betri ya gari pembeni, honi juu ya paa la gari. Kuna moja naijua ina doa la rangi ya kucha kwenye nobu ya maiki: hapo ndipo sauti ya mnadishaji inapokaa, kaiweka mara moja miaka iliyopita na hakuna anayeigusa. Kwa kazi ya namna hiyo, ya kuweka sauti mahali pake na kuiacha, feda haijapata kuishinda nobu, kwa kuwa feda inasukumwa hata na kiwiko cha mpita njia. Makanisani na misikitini ni hivyohivyo. Klabu ilitaka mkono wenye haraka ikachukua feda. Mnada ulitaka sauti isiyotikisika ukabaki na nobu.

Nilimwambia mzee haya yote. Akanywa kahawa, akatazama barabara, akasema, "Ng'wanawane, ile ya Mwadui lakini niliiona." Sawa. Naomba basi yeyote mwenye miksa ya Bozak au UREI iliyowahi kupiga disko kati ya Mwadui na Katoro, hata kama sasa inakaliwa na kuku, aitoe hadharani. Nitakuja kuiona kwa nauli yangu, nitamchukua na mzee, na kahawa nitalipa mimi.